Skii za Norway ndani ya karakana ya Katindo: shajara ya mradi

Jumamosi, 7 Septemba

Leo nimeshusha skii, zile mbao ndefu za kuvaa miguuni na kuteleza kwenye theluji, kutoka juu, chini ya mabati ya karakana yangu hapa Katindo, Goma, mahali zilipolala tangu kontena ya mdogo wangu ifike mwaka jana. Kontena hiyo ilitoka Norway ikapitia Mombasa, na sisi tulikuwa tunangoja friji, baiskeli tatu na magodoro. Vyote vilifika. Ila waliomsaidia kupakia walikomba stoo nzima ya chini ya nyumba yake, tukajikuta na mabuti ya plastiki yasiyokunjika, kofia ngumu, jozi mbili za skii za watoto, na ule ubao mmoja mpana wa kuteleza ukiwa umesimama ubavu, wanaouita snoubodi. Mama watoto alipoziona alisema ni mbao za kupigia pasi.

Sasa mdogo wangu ameuliza kama bado zipo. Anakaa karibu na Lillehammer, mji uliopokea Olimpiki ya majira ya baridi mwaka 1994, na watoto wake wameongezeka kimo: zile zilizokuwa za mkubwa sasa zinamtosha wa pili, na za wa pili zinamngoja wa tatu. Kununua mpya huko si mchezo. Kuna binamu yetu atakayerudi Oslo kupitia Kigali katikati ya Novemba, amekubali kuzibeba. "Yaya, uzipake nta tu kabla hazijaja," mdogo wangu akaniambia kwenye odio. Yaya kwetu ni ndugu mkubwa. Mimi ni seremala mwaka wa kumi na tisa huu. Neno "tu" la mteja nalijua, halijawahi kunipa kazi ya siku moja.

Hali yake nilivyoikuta: jozi ndefu sentimita 130, jozi fupi 110, ubao 125. Upande wa juu ni mzima. Taabu iko chini, kwenye wayo. Mafundi viatu wa hapa wangeita semele, na Wafaransa wenye milima yao wanaita hivyo hivyo. Ni plastiki nyeusi, lakini imepauka, ina weupe ule wa kiwiko cha mtoto aliyeoga asipakwe mafuta. Kingo za chuma zimeshika kutu. Na vumbi, Bwana. Vumbi la Goma si udongo, ni mawe ya volkano ya Nyiragongo yaliyosagika, ukilisugua kati ya vidole unasikia vioo. Limeingia kila mahali.

Jumapili, 8 Septemba

Odio ya dakika kumi na moja. Mdogo wangu wakati wa baridi anafanya kazi kwenye duka la kukodisha skii, na pale nyuma ya duka kazi yake ni hiyo moja, kupaka nta asubuhi hadi jioni. Nimemsikiliza mara mbili, kalamu mkononi.

Wayo ni polietilini. Ni ukoo mmoja na bidoni ya njano ya mafuta ya kupikia, ile tunayochotea maji, isipokuwa hii ya skii nyuzi zake ni ndefu zaidi na inavumilia msuguano. Ukiipasha moto kidogo inalegea, na nta iliyoyeyuka inapenya mle ndani sehemu zilizolegea. Ikipoa inaishika. Halafu, na hapa nilisimamisha odio nikairudia, unachukua kikwangulio unakwangua nta yote iliyobaki juu. Yote. Mpaka uone kama hujapaka kitu.

Nilimjibu kwamba mimi napaka vanishi kwenye mbao za libuyu na kinachofanya kazi ni kile kinachoonekana. Mteja wa meza hawezi kulipia vanishi niliyoikwangua. Akacheka. "Yaya, hiyo si meza."

Alhamisi, 12 Septemba

Kutafuta nta. Nimepita soko la Virunga, kisha Birere. Wasomaji wa Nairobi wasinielewe vibaya: ninaposema parafini nasema ile nta nyeupe ya mishumaa, si mafuta ya taa. Sisi mafuta ya taa tunaita petroli, na hata hapa muuzaji mmoja alinipa chupa ya hiyo kabla sijamaliza sentensi.

Nimerudi na pakiti mbili za mishumaa na donge la nta ya nyuki ukubwa wa ngumi, limenunuliwa kwa mama anayeuza asali, bado lina miguu ya nyuki ndani. Kisha usiku, nikipekua sanduku lililokuja na mabuti, nikakuta hazina: kipande cha nta nyekundu, nusu kipande cha bluu, na kikopo kidogo cha unga mweupe.

Rangi zina maana. Bluu na kijani ni za theluji ya baridi kali, nyekundu na njano ni za theluji inayokaribia kuyeyuka. Mtindo huu wa kuuza nta kwa rangi ulienezwa na Swix, kampuni iliyoanzia Sweden mwaka 1946. Sababu yake seremala anaielewa upesi. Theluji ya baridi kali ina chembe zenye ncha, kama msasa mpya, na nta laini inachomwa nazo, basi unaweka nta ngumu. Theluji ya joto ni majimaji, haina ncha, hapo adui ni maji yenyewe: vioo viwili ukivibananisha na maji katikati, jaribu kuvitenganisha uone. Skii huteleza juu ya utando mwembamba wa maji unaotokana na msuguano wake wenyewe. Ukiwa mdogo sana inakwaruza, ukizidi inanyonywa.

Nikamuuliza mdogo wangu watu walifanyaje kabla ya vipande vya rangi. Akasema za zamani zilikuwa mbao tupu, na Wanorway walizipaka lami ya msonobari. Nikaendelea kutafuta mwenyewe kwenye simu, nikakutana na wachimba dhahabu wa California miaka ya 1860. Theluji ya milima ya Sierra Nevada ilipofunga machimbo, walishindana kwa skii ndefu kupita kiasi, na kila mmoja alikuwa na mchanganyiko wake wa siri: nta ya kichwa cha nyangumi, utomvu wa msonobari, kafuri. Mtu wa Kivu hashangai. Wachimba dhahabu ni wale wale, kazi ikisimama wataweka dau kwenye kitu chochote.

Kile kikopo cha unga, hapana. Nilimpigia picha, akapiga simu yeye mwenyewe, hakutuma odio. Ni nta ya fluorini, ya wakati mashindano yalikuwa yanashindaniwa kwa sehemu ya sekunde. Inateleza kuliko zote, lakini kemikali zake haziozi, si kwenye udongo, si kwenye maji, si kwenye damu ya mtu. Mafundi wa nta wa Sweden na Norway walipopimwa damu walikutwa nazo nyingi mno. Shirikisho la kimataifa la skii limeipiga marufuku kabisa kwenye mashindano yake kuanzia msimu wa 2023/24. "Usiifungue, usiipashe moto, usiitupe," akasema. Nikamuuliza basi niipeleke wapi, maana hapa takataka zote mwisho wake ni Ziwa Kivu. Tumekubaliana kikopo kitarudi Norway na skii zake. Nimekifunga kwa nailoni mara tatu.

Jumamosi, 14 Septemba

Nimepaka! Jozi fupi, kwa mishumaa, nijifunzie kwenye kitu cha bei ndogo.

Pasi niliyotumia ni ya nyumbani. Kwenye gurudumu lake kuna nukta: moja maana yake nyuzi 110 mwisho, mbili 150, tatu 200. Plastiki ya wayo inaanza kuyeyuka kwenye 130 na kitu, kwa hiyo kati ya nukta ya kwanza na ya pili ndipo penye kazi na ndipo penye hatari. Alama ya kukumbuka ni moshi: nta ikitoa moshi umezidisha. Unaegemeza mshumaa kwenye pasi, nta inadondoka mistari miwili kutoka puani mwa skii hadi mkiani, halafu unaipitisha pasi taratibu bila kusimama, kama unanyoosha shati la nailoni la mtu mwingine. Nyuma ya pasi nta inapaswa kubaki maji kwa urefu wa vidole vitano sita ndipo igande.

Breki za vifungio, vile vya kushikia buti juu ya skii, zilikuwa zinaning'inia zinanizuia. Nimezifunga juu kwa utepe wa mpira wa ndani ya tairi, ule ule wanaofungia mizigo kwenye chukudu, yale magari yetu ya mbao ya magurudumu mawili. Sijui wao kule Norway wanatumia nini, lakini haiwezi kushinda huu.

Ilipopoa ilikuwa nzuri sana. Nene, nyeupe kama maziwa, sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Nikapiga picha nikatuma. Jibu: nyuso nne za kucheka machozi, kisha, "Yaya, hiyo ni keki. Kwangua."

Sijakwangua. Nimeiacha hadi kesho niitazame tena.

Jumapili, 15 Septemba

Pasi ya nyumbani ina matundu ya mvuke. Nta iliingia humo jana, na leo asubuhi ikatoka, kifuani mwa shati jeupe la misa. Sitaandika yaliyosemwa.

Jumatano, 18 Septemba

Nimenunua pasi yangu, Birere, kwenye caguwa, yaani mitumba, ya vyombo. Ni ya kizamani, nzito kama jiwe, chini haina tundu hata moja. Kumbe ndiyo bora: uzito ule unashika joto, haupandi na kushuka. Za kazi hii zinazouzwa Ulaya nazo zina bamba nene kwa sababu hiyo.

Kikwangulio nimekikata kutoka kwenye pleksi ya mtengeneza vibao vya maduka, milimita nne, nikanyoosha ukingo wake kwa msasa uliolazwa juu ya kioo. Chuma kingekwangua hata wayo, ndiyo maana wanatumia plastiki.

Nikaanza upya, safari hii kwa kusafisha. Unapaka nta laini, na kabla haijapoa unaikwangua ikiwa vuguvugu. Inatoka na uchafu wake. Mara ya kwanza ilitoka kijivu cheusi, ina punje ndogo zinazong'aa, ni Nyiragongo yote mle ndani. Mara ya pili kijivu. Mara ya tatu rangi ya chai ya maziwa. Ya nne karibu nyeupe, nikasimama hapo kwa sababu mishumaa inaisha.

Ile keki ya Jumamosi nimeikwangua pia, shingo upande. Unaanzia puani unaelekea mkiani, kikwangulio kimeinama kidogo mbele, na nta inajikunja mbele yake kama maranda ya mbao laini. Hiyo raha nakiri. Baadaye brashi ya nailoni, ya viatu, kutoa nta iliyojificha kwenye mifereji: wayo si laini kama unavyodhani, umechorwa mistari midogo sana ya kupitishia maji, mfano wa meno ya tairi. Nikimaliza, skii ilionekana kama sijafanya chochote tangu asubuhi. Nyeusi tu, ina mng'ao wa mbali. Kijana wangu wa karakana akauliza lini tunapaka.

Jumamosi, 21 Septemba

Umeme hakuna tangu Alhamisi. Makala, yaani makaa, yamepanda bei lakini yapo, na pasi ya makala ya marehemu mama ipo.

Tatizo, pasi ya makala haina nukta. Nikafikiri: kama wayo ni ndugu wa bidoni, bidoni na inipimie. Nikakata kipande cha bidoni ya njano, nikakipitishia pasi. Kikajikunja kama jani la mgomba motoni. Nikatoa makala nusu, nikangoja. Kikalainika, kikaacha alama. Nikangoja tena. Pasi ikapita bila kipande kusogea, na mshumaa ukayeyuka vizuri bila moshi. Hapo. Joto hilo lilidumu dakika kama nne, kisha nta ikaanza kuburuta, narudisha makala, napima tena kwenye kipande. Skii mbili zimenichukua mchana kutwa, na jivu limedondoka juu ya nta mara tatu. Inawezekana, lakini simshauri mtu.

Kingo nimezimaliza leo pia, hazihitaji umeme. Msasa wa maji kwa kutu, tupa laini kwa upande mmoja tu, puani kwenda mkiani, kisha kitambaa chenye tone la mafuta ya cherehani. Kipimo cha kucha: ukipitisha ukucha kwenye ukingo na ukakwangua unga mweupe wa kucha, imenoa. Kwa za watoto sikuendelea zaidi.

Jumapili, 29 Septemba

Kwenye kiwanja cha jirani anayejenga kuna kilima cha mchanga mweusi wa volkano, kirefu kama nyumba, wa kuchanganya na simenti. Niliporudi kutoka kanisani nilikuta watoto saba juu yake, mmoja wangu, na snoubodi niliyoimaliza juzi.

Walikuwa wanashuka wamekaa, wawili wawili. Niseme ukweli, kabla sijapiga kelele nilitazama mmoja akishuka hadi chini. Anakwenda vizuri hatua nne, kisha mchanga unamshika, anaendelea peke yake bila ubao.

Wayo sasa. Mikwaruzo isiyohesabika, hiyo si kitu. Lakini kuna mitatu mirefu, mmoja unaingia kucha nzima, urefu wa kiganja. Nimekaa nao kwenye benchi nikiupapasa kama mtu anayepapasa jino bovu.

Jumatano, 2 Oktoba

Duka la Norway lina vijiti maalumu vya polietilini: unakiwasha kama mshumaa kinadondokea kwenye mkwaruzo. Hapa havipo. Lakini bidoni ipo, na mdogo wangu aliposikia wazo hili hakucheka. Alisema itashika, si kama asili, jaribu.

Kuwasha sikupenda. Bidoni ikiwaka inatoa masizi, na masizi yakiingia kwenye kiraka hakishiki. Nimemwazima fundi simu wa kona kichomeo chake cha kulehemia, kile chenye ncha bapa. Nimekata bidoni nyuzi nyembamba kama tambi. Kwanza nimefungua mkwaruzo kwa kisu, kutoa mchanga wote na nta yote, maana plastiki haishiki penye nta, kisha nikausafisha kwa spiriti. Halafu ncha ya kichomeo juu ya uzi, uzi juu ya mkwaruzo, nasukuma taratibu, tambi inalainika, inakuwa kama ute wa yai, inakaa chini. Nikajaza hadi ikapanda juu kidogo ya wayo. Mlango wazi, dirisha wazi, harufu ilifika kwa majirani hata hivyo.

Ikapoa nusu saa. Kusawazisha ilikuwa kazi yangu ya kila siku: bamba la chuma la kukwangulia vanishi, lililonolewa upya, vipande vyembamba vinatoka mpaka kidole hakioni mpaka kati ya kiraka na wayo. Macho yanaona. Ubao mweusi sasa una makovu matatu ya njano, njano ile ile ya bidoni ya mafuta. Kimoja kilibanduka ncha nilipokikunja kupima, nikakirudia. Viwili vimeshika kama vimezaliwa hapo.

Jumamosi, 5 Oktoba

Kwa kuwa ubao umekwisha pata makovu, nimeupeleka mwenyewe kwenye kilima cha mchanga, kwa ruhusa ya mwenye kiwanja. Swali langu: je, nta inasaidia kwenye mchanga wa volkano? Nusu ya wayo nimeipaka mshumaa, nusu nimeiacha.

Haisaidii. Inaharibu. Punje zinajikita kwenye nta kama sukari kwenye maandazi, unashuka na msasa ulioutengeneza mwenyewe. Theluji inayeyuka chini yako, mchanga hauyeyuki; hakuna utando wa maji, hakuna kitu cha nta kufanya. Kule Nicaragua kuna watu wanaoshuka hivi kila siku kwenye volkano ya Cerro Negro, changa kuliko zetu, ilizaliwa mwaka 1850, na mbao zao ni za plaiwudi zenye formika na chuma chini. Formika! Ninayo nusu shiti nyuma ya mlango, iliyobaki kwenye kabati la jikoni.

Nimemwandikia mdogo wangu kwamba ubao utabaki Goma. Akajibu alitegemea hivyo tangu aliposikia kuhusu watoto saba.

Jumamosi, 19 Oktoba

Hili jaribio nimeliwaza wiki mbili. Theluji sina. Ya karibu nasi iko juu ya Ruwenzori, mpakani na Uganda, kilele cha Margherita mita 5,109, na barafu yake inapungua kila mwaka. Ila wauza samaki wana barafu ya mapande, na mimi nina randa.

Nimenunua pande mbili, nikazirandia barafu kama mbao. Maranda ya barafu! Kijana wa karakana aliacha kazi yote akaja kutazama, kisha akarandia yeye. Tumejaza mfereji wa mbao wa mita mbili, tukaigandamiza kwa tofali. Si theluji ya kweli, ni ya majimaji, ile ya joto la sifuri, basi ni kazi ya nta nyekundu. Tunaweka skii juu, tofali moja katikati, tunainua ncha ya mfereji kidogo kidogo kwa vipande vya mbao mpaka skii ianze kwenda yenyewe. Tunapima kimo. Kila moja mara tatu, nachukua ya katikati.

Skii isiyo na nta, niliyoiacha makusudi: sentimita 34. Yenye nta ya nyuki: 30, na inaanza kwa kusitasita, ina ulimbo. Yenye mshumaa: 21. Yenye nta nyekundu iliyokwanguliwa na kupigwa brashi: 18.

Ya tano sikumwambia mtu. Nimechukua ile ya nta nyekundu, nikaipaka tena, nene, nzuri, keki kamili, sikukwangua. Nilitaka nijue. Ikaenda kwenye 29.

Nikapima tena. 29. Mara ya tatu 30. Maji yalikuwa yameshika kwenye nta laini na kuinyonya, na mifereji yote ya wayo imezibwa na kazi yangu nzuri. Jaribio hili si la maabara, skii hazilingani urefu, barafu ilikuwa inayeyuka huku tunapima. Lakini 18 na 29 si makosa ya kipimo. Nimempelekea mdogo wangu namba bila maneno. Amejibu kidole gumba kimoja, mtoto huyu ana adabu.

Ijumaa, 8 Novemba

Wiki mbili zimepotea kwenye kitanda cha bibi harusi, nisiandike.

Leo umeme ulikuwepo toka saa moja asubuhi. Jozi zote mbili zimesafishwa tena kwa nta vuguvugu, mara mbili. Jozi ndefu nimeipaka bluu iliyokuwepo, jozi fupi nyekundu. Moja ilimaliza kipande, nikaongeza mshumaa kidogo mkiani. Nimekwangua, nimepiga brashi, nimepapasa. Naanza kuipenda sura hiyo ya kitu kisichofanywa.

Nikampigia mdogo wangu kumwambia tayari. Akasema: "Asante, yaya. Sasa paka tena, nene, na usikwangue."

Nilidhani ananichezea. Hapana. Skii inayosafiri au kulala stoo inaachwa na tabaka lote juu yake, na kwenye kingo pia: hewa isikaushe wayo, unyevu usishike chuma. Kwa kawaida wanafanya hivyo msimu ukiisha, mwezi wa nne au wa tano, na kukwangua siku theluji ya kwanza inapoanguka. Safari ya ndege na vumbi la barabara ya Kigali ni sawa na kiangazi kizima. Nikamuuliza kwa nini hakusema mwezi wa tisa. "Ungekuwa hujajifunza kukwangua."

Basi nikapaka. Mishumaa, nene, hadi juu ya chuma, na kwa makusudi sikuhangaika kulainisha, maana kesho kutwa itaondolewa. Matone mengine yameganda kwenye ubavu. Juu ya kila moja nimebandika utepe wa karatasi na kuandika kwa penseli: KWANGUA KWANZA. Zimefungwa pea kwa pea kwa vipande vya sponji ya godoro na utepe wa mpira wa tairi. Kikopo cha fluorini kiko ndani ya buti la kushoto.

Alhamisi, 14 Novemba

Zimeondoka. Nimemsindikiza binamu hadi Grande Barrière, mpakani na Rwanda, alfajiri, kabla ya foleni. Mkaguzi mmoja alitaka kujua ni nini kile kirefu, tukafungua. Tukamweleza ni mbao za kutelezea kwenye theluji, za watoto, zinarudi kwao. Hakubisha. Akaigeuza moja, akapitisha kidole gumba kwenye ile nta iliyoganda mabonde mabonde, akakwangua tone la ubavuni kwa ukucha, akatazama lilivyodondoka.

"Hii rangi fundi gani ameipaka vibaya hivi?"

Binamu akanitazama. Mimi nilikuwa nafunga ule mpira wa tairi.

"Wa Katindo huko," nikasema.

Akapiga muhuri.

Saa nne nimerudi karakana. Formika nimeitoa nyuma ya mlango, ubao wa makovu ya njano uko juu ya jiliwa, na uwanja wa jirani bado una mchanga.